Uwanja Tunao Kisumu, Tuwafungulie Wasichana

Aprili 2025, mjini Rabat, Tanzania ilifika fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika la futsal la wanawake, mashindano ya kwanza ya aina hiyo barani. Wenyeji Morocco walishinda 3-2. Afrika ilikuwa imepewa nafasi mbili katika Kombe la Dunia, kwa hiyo dada zetu wa Tanzania walirudi nyumbani bila kikombe lakini na tiketi ya Ufilipino, ambako Novemba mwaka huohuo wanawake walicheza Kombe lao la kwanza la Dunia la futsal. Timu zilizocheza Rabat zilikuwa tisa. Kenya haikuwamo.

Jo-Kisumu, nanyi jirani zetu wa Siaya, Homa Bay na kote kando ya ziwa, nawaandikia kwa sababu naamini jina la Kenya linaweza kuingia katika orodha hiyo karibuni, na kwamba sehemu nzuri ya timu hiyo inaweza kutoka hapa kwetu. Sisemi hivi kwa mapenzi ya nyumbani tu, ingawa hayo ninayo tele. Nasema kwa sababu uwanja wa futsal tunao tayari. Umo ndani ya ua wa shule zetu za upili, umechorwa mistari, una magoli, na kwa miezi mingi ya mwaka hakuna anayeukanyaga.

Chukua futi ya fundi uingie nayo katika shule yenye uwanja wa mpira wa mikono uliochorwa sawasawa. Urefu ni mita 40, upana mita 20. Goli ni mita 3 kwa 2. Sasa fungua kitabu cha kanuni za futsal: uwanja mita 40 kwa 20, goli mita 3 kwa 2. Hata ule mstari uliopinda mbele ya goli, ambao mchezaji wa mpira wa mikono hatakiwi kuukanyaga anaporusha, kwenye futsal ndio mpaka wa eneo la adhabu. Yote miwili huchorwa kwa kuzungusha kamba ya mita 6 kutoka kwenye mlingoti. Tofauti ni kwamba wa mpira wa mikono hupimwa kutoka ukingo wa ndani wa mlingoti na wa futsal kutoka ukingo wa nje, basi kile kipande kilichonyooka katikati huongezeka sentimita 16. Shibiri haijafika. Hakuna msichana wa Kondele atakayekosa kujifunza kupiga pasi kwa sababu ya sentimita hizo.

Wala hili halikutokea kwa bahati. Futsal ilizaliwa Montevideo, Uruguay, mwaka 1930, pale mwalimu Juan Carlos Ceriani alipotafuta namna ya kuwachezesha kandanda vijana wa YMCA hata siku za mvua. Inasimuliwa kwamba aliokota kanuni kila mahali: wachezaji watano na dakika 40 kutoka mpira wa vikapu, mambo ya kipa kutoka polo ya majini, na vipimo vya uwanja na goli kutoka mpira wa mikono. Mtu aliyekuwa na ukumbi mdogo na mvua nyingi alitumia alichokuwa nacho. Sisi tunaoishi na mvua za Nyando tunamwelewa vizuri.

Kazi inayobaki ni ya mkebe wa rangi na asubuhi moja ya Jumamosi. Weka alama ya penalti mita 6 kutoka katikati ya goli. Weka nyingine mita 10, ambayo ina maana yake: faulo za timu huhesabiwa, na kuanzia ya sita katika kipindi kimoja mpinzani hupiga moja kwa moja bila ukuta, na anaweza kupigia hapo kwenye mita 10. Chora duara la katikati, mita 3 kutoka nukta hadi ukingo. Mbele ya mabenchi pima sehemu mbili za kubadilishia wachezaji, mita 5 kila moja. Tumia rangi tofauti na iliyopo, mwalimu wa mpira wa mikono asije akawafukuza kwa kumvurugia mistari yake. Na magoli yafungwe chini kwa vyuma. Hapo sina mzaha hata kidogo, kwa maana goli lililoegeshwa tu likimwangukia mtoto linaweza kumuua.

Naisikia sauti ya mtu aliyesoma hapa Nyanza akiniambia kwamba uwanja wa mpira wa mikono wa shule yake ulikuwa nyasi na mawe. Ni kweli, vingi ndivyo vilivyo. Lakini tazameni basi ule wa mpira wa vikapu, ambao shule na vyuo vingi vimeumwagia saruji. Una mita 28 kwa 15. Kwa mechi zisizo za kimataifa kanuni za futsal hukubali urefu kuanzia mita 25 na upana kuanzia mita 16. Tumepungukiwa mita moja, na mara nyingi saruji yenyewe huendelea kupita mstari. Hakuna mkaguzi atakayetoka Zurich kuja kupima Nyalenda. Kwa kujifunzia, panatosha sana.

Kama mna pesa ya kununua kitu kimoja tu, nunueni mpira wenyewe. Wa futsal ni saizi ya 4, una gramu 400 hadi 440, na umetengenezwa usidunde sana: ukiuachia kutoka kimo cha mita 2 hupanda kati ya sentimita 50 na 65 tu, yaani karibu na goti la mtu mzima. Muuzaji akikuambia ni wa futsal, mwombe auangushe hapohapo dukani. Mpira wa kawaida kwenye saruji huruka ovyo, na wasichana wanaishia kuukimbiza badala ya kuucheza. Viatu visiwape homa. Njumu hazihitajiki, ni raba za soli bapa, na mtu anayezikosa Kibuye kwenye mitumba ya Jumapili hakutafuta.

Sasa niseme kwa nini mchezo huu unawafaa wasichana wa huku kuliko unavyodhaniwa. Kandanda ya kawaida hudai wachezaji 22. Katika kijiji cha ufuoni, Jumamosi mchana, kuwapata wasichana 22 wasio na kazi ni ndoto: huyu anaanika omena, yule amebeba mdogo wake mgongoni, mwingine yuko kwenye meza ya mama yake sokoni. Kumi wanapatikana. Ukipata 14 una kikosi kamili cha mashindano, watano ndani na tisa nje, na kubadilishana hakuna kikomo wala hakungoji refa asimamishe mchezo. Anayetoka anaruhusiwa kurudi. Msichana akiitwa na mama yake katikati ya kipindi anaweza kwenda, akamaliza alichotumwa, akaingia tena, na kanuni zote zikawa zimefuatwa!

Halafu kuna suala la jua. Sisi tuko karibu kabisa na mstari wa ikweta, na mwaka mzima giza huingia karibu na saa moja jioni. Mzazi anayesita kumwachia binti yake mazoezi ya jioni ana sababu, tena nzito, na sitaki mtu ambeze. Mechi ya futsal ni vipindi viwili vya dakika 20, saa ikisimamishwa kila mpira unapotoka, kwa hiyo yote huchukua kama saa moja na nusu. Ikianza saa kumi na robo, watoto wanafika nyumbani kabla ya giza. Na mvua za Machi hadi Mei, zinapoufanya udongo mweusi wa Kano ushike mguu mpaka kiatu kibaki chini, saruji hukauka ndani ya nusu saa baada ya wingu kupita.

Mwenye shaka kwamba shule zinaweza kuzaa mchezo nimkumbushe hoki. Hakuna binti wa Bondo aliyezaliwa akakuta fimbo ya hoki imeegemezwa nyuma ya mlango kwao. Hata hivyo Nyamira Girls ya Siaya, na baadaye Sinyolo ya hapa Kisumu, zilitamba katika hoki ya wasichana ya shule za Kenya, kwa sababu kulikuwa na walimu walioshikilia jambo hilo mwaka baada ya mwaka na uwanja ambao haukufungwa. Katika kandanda, Nyakach Girls ni jina ambalo hakuna shule inayofurahi kulikuta kundini mwake. Vihiga Queens, majirani zetu wa juu ya mlima, walikuwa klabu ya kwanza ya Kenya kucheza Ligi ya Mabingwa ya wanawake Afrika, mwaka 2021 nchini Misri. Na mwaka 2024 wasichana wetu wa chini ya miaka 17, Junior Starlets, waliifikisha Kenya katika Kombe la Dunia la kandanda kwa mara ya kwanza katika historia, wanaume wakiwemo, wakaenda Jamhuri ya Dominika na kuifunga Mexico 2-1.

Futsal haiji kuwanyang'anya Kisumu All Starlets wachezaji. Ronaldinho na Neymar walilelewa na mchezo huu kabla dunia haijawajua. Amandinha, Mbrazili wa Fortaleza aliyechaguliwa mchezaji bora wa futsal wa wanawake duniani mara nane mfululizo, alibaki hukohuko akajenga maisha yake humo. Njia zote mbili ni halali. Uwanja ukiwa mdogo, mpira unakufikia mara nyingi na mpinzani yuko juu yako kila mara. Ukipiga mpira wa pembeni una sekunde nne tu. Kocha yeyote wa kandanda atapokea kwa mikono miwili msichana aliyekulia humo.

Niseme jambo moja kuhusu wakati, maana ndilo linalonipa haraka. Wanaume walianza Kombe la Dunia la futsal mwaka 1989 kule Uholanzi. Wanawake walingojeshwa miaka 36. Kungojeshwa huko ni aibu, ila kumeacha mlango wazi: katika Ufilipino kila timu ilikuwa inacheza Kombe hilo kwa mara ya kwanza, hata Brazil waliolichukua kwa kuifunga Ureno 3-0. Tanzania waliwekwa kundi moja na Ureno hao hao, Japani na New Zealand. Waliingia mapema, wakati safu bado inapangwa. Kila mwaka tunaokaa nje safu inazidi kukaza.

Kwa Shirikisho la Kandanda la Kenya ombi langu ni fupi. Msituanzie juu. Timu ya taifa inayokusanywa kambini siku chache kabla ya mashindano, kwa kuazima wachezaji wa kandanda ya wachezaji 11, itajifunza kanuni ya faulo ya sita kwa kuadhibiwa nayo. Tuleteeni huku kozi ya makocha na kozi ya waamuzi, na muwape nafasi wanawake kwanza. Kisha muweke mashindano ya kanda, Nyanza na Magharibi, yenye ratiba inayojulikana. Wachezaji mtawakuta.

Lakini sisi tusikae tukingoja Nairobi. Mwaka 2027 Kenya, Uganda na Tanzania zitaandaa AFCON, na macho yote pamoja na pesa zote yako kwenye viwanja vikubwa, kama ule wa Talanta wa watu 60,000. Sina ugomvi nao. Mamboleo tunaujua uzuri wa uwanja mkubwa siku umejaa. Ninachojua pia ni kwamba msichana wa miaka 13 wa Obunga hapewi zamu ya mazoezi kwenye uwanja wa namna hiyo, na wa shuleni kwake, mita mia mbili kutoka kwao, una kufuli kuanzia Ijumaa jioni.

Wakuu wa shule, hapa naongea nanyi kwa heshima. Hofu zenu nazijua: nani atawajibika mtoto akiumia, nani atalipa dirisha likivunjika, na watu gani hawa wanaoingia uani. Ni maswali ya haki. Basi kundi lije na barua, si maneno ya mdomo. Liombe saa mbili za Jumamosi, na siku chache za likizo ya Aprili, Agosti na Novemba, mpira wa mikono ukiwa umelala. Barua itaje mwanamke mmoja mzima, mwenye kitambulisho na namba ya simu, atakayekuwapo kuanzia lango linapofunguliwa hadi linapofungwa. Majina ya wasichana yaandikwe daftarini kila mara. Uwanja ufagiliwe kabla na baada. Shule ikiona mambo yameharibika, ifute ruhusa bila mjadala. Kwa masharti hayo, walimu wetu, tufungulieni.

Huyo mwanamke wa langoni ndiye namtafuta kuliko hata kocha. Wapo wengi Kisumu. Ni yule aliyechezea shule yake mpira wa mikono au kandanda, akamaliza kidato cha nne, akaambiwa sasa basi. Leo anauza nguo sokoni, au ni nesi, au ana saluni Manyatta. Dada, huhitaji leseni ya ukocha kusimama pale na filimbi na saa. Mechi moja ya futsal hutaka waamuzi wawili uwanjani na mtu wa saa mezani. Hizo tayari ni nafasi tatu. Tena mkutano wa wasichana na kocha mwanamume peke yake, bila mama yeyote karibu, usiwepo kabisa, hata kocha awe mtu mwema kiasi gani. Hilo liwe sharti kabla hata ya kununua mpira.

Akina mama wa vyama vya kuweka na kukopa, mnaochangiana kila wiki mpaka mtu akanunua friji, mpira mmoja na vizibao kumi vya rangi vya kutofautishia timu si mzigo kwenu. Vijana wa bodaboda na tuktuk, siku ya mechi wapelekeni watoto mkawarudishe, na mkishangilia, msituletee yale matusi ya Ligi Kuu tunayoyajua. Wanafunzi wa Maseno na wa chuo cha Jaramogi pale Bondo, nyinyi mna viwanja na mna nguvu. Anzeni mashindano yenu ya wanawake, kisha mualike timu za mitaani.

Kaunti ya Kisumu ina wadi 35. Kila wadi ikiwa na timu moja ya wasichana 14, hao ni 490 wanaocheza futsal hapa kwetu peke yake, bila kuhesabu ng'ambo ya ghuba. Kocha wa taifa akipewa 490 achague, hatakosa watano.

Na hapa ndipo kila msomaji ana kazi, hata asiyependa mpira. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, iliweka michezo na viwanja vya kaunti mikononi mwa serikali ya kaunti. Kwa sheria, Mpango wa Maendeleo wa Mwaka hufikishwa katika bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, na makadirio ya bajeti kufikia tarehe 30 Aprili, ili mwaka wa fedha uanze 1 Julai. Kabla ya tarehe hizo wananchi huitwa kutoa maoni. Wengi wetu tunasikia tangazo redioni tukalipita, halafu Julai tunalalamika kwamba wadi imejengewa lango la kifahari.

Mkutano huo ukiitishwa, msiende kusema mnataka michezo isaidiwe. Nendeni na kipimo. Semeni: sakafu ya saruji iliyolainishwa, mita 40 kwa 20, yenye mistari ya mpira wa mikono na ya futsal, magoli mawili yaliyofungwa chini, taa nne, bomba la maji, na choo cha wasichana ambacho mlango wake unafungwa kwa ndani. Tajeni kiwanja cha umma au shule mnakotaka sakafu hiyo ijengwe, kwa jina. Mwakilishi wenu wa wadi akikubali, subirini karani aandike, kisha mwombeni asome alichoandika kwa sauti kabla mkutano haujavunjwa.